Uwakili wa serikali kwenye kesi za leba: ushauri kutoka Kisumu

Kesi yangu ya kwanza ya majeraha kazini niliishinda kwa dakika zisizozidi kumi, na mpaka leo siisimulii kwa majigambo.

Mdai alikuwa mzee mmoja, kibarua wa taasisi ya umma huko kwenye mashamba ya miwa, ukishapita Ahero. Mashine ya kukatakata majani ya ng'ombe ilikuwa imekula vidole vyake viwili vya mkono wa kulia. Wakili wake alipeleka madai kwa hakimu, akitaka fidia kwa uzembe wa mwajiri. Nikasimama kwa niaba ya taasisi na pingamizi la awali, yaani hoja ya kuizuia kesi kabla haijasikilizwa: kifungu cha 16 cha Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya 2007 kinamzuia mfanyakazi kumshtaki mwajiri wake mahakamani kwa ajali ya kazini. Madai huanzia kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, na asiyeridhika ndiye huenda mahakama ya leba kwa rufaa. Hakimu akakubali, kesi ikafutwa. Afisa wa taasisi alinipa mkono kwa furaha, kidogo anikumbatie.

Kwenye veranda yule mzee akanifuata. "Sasa wakili, mimi niende wapi?"

Sikumjibu. Alikuwa na wakili wake, na maadili yetu hayaniruhusu kuzungumza na mteja wa mwenzangu kuhusu kesi bila mwenzangu kujua. "Mzee, muulize wakili wako," nikasema, nikashuka ngazi. Ilikuwa Februari, na jua la Kisumu la mwezi huo mnalijua.

Vijana waliomaliza sheria huniuliza kama kazi hii inafaa. Ya kuingia si mengi: shahada, masomo ya uwakili pale Kenya School of Law, miezi sita chini ya wakili mzoefu, uapishwe, kisha usubiri nafasi zitangazwe. Mshahara hautakutajirisha. Wenzangu tuliosoma nao wana magari mazuri, mimi bado napanda matatu. Lakini hakuna anayewaambia mapema kwamba sehemu kubwa ya kazi ni kumwambia mteja wako, yaani serikali, kwamba amekosea na alipe.

Usiku ule nilisoma tena faili ya yule mzee, safari hii bila kutafuta pingamizi. Ajali ilikuwa imetokea zaidi ya miezi 12 nyuma, na sheria inataka madai yafike kwa Mkurugenzi ndani ya miezi 12. Kwa maneno mengine, ushindi wangu ulikuwa umemfungia njia moja na muda ukamfungia nyingine. Ila sheria hiyohiyo inasema madai yaliyochelewa yanaweza kuangaliwa ikiwa ajali iliripotiwa kwa mwajiri, na taarifa yenyewe yaweza kuwa ya maandishi au ya mdomo. Ndani ya faili kulikuwa na nakala ya daftari la zahanati, na ruhusa ya ugonjwa iliyotiwa saini na mnyapara siku ileile. Mwajiri alijua tangu saa ya kwanza. Aliyetakiwa kumwarifu Mkurugenzi ndani ya siku 7 ni mwajiri, wala si mzee. Fomu ya DOSH 1, ambayo mwajiri huripotia ajali, haikujazwa kamwe. Nafasi ya daktari kuandika kiwango cha ulemavu haikuguswa, kwa sababu karatasi yenyewe haikuwahi kutoka kabatini.

Nikaandika barua ya ushauri: jazeni fomu, mpelekeni kwa daktari, acheni Mkurugenzi akadirie. Hawakujibu. Nikaandika ya pili, mara hii nikaweka hesabu, maana nimegundua kwamba maafisa wetu husoma tarakimu kabla ya vifungu. Fidia ya ulemavu wa kudumu hupigwa kwa mapato ya miezi 96. Mtu wa mshahara wa 18,000, miezi 96 ni 1,728,000. Daktari akisema ulemavu ni asilimia 10, fidia ni shilingi 172,800. Linganisheni na gharama ya kuvutana mahakamani miaka minne, nikawaambia, pamoja na riba na ada za mawakili. Fomu ilijazwa baada ya wiki tatu.

Msimlaumu sana wakili wa mzee. Sheria hii ilianza kutumika Juni 2008, na mwaka uliofuata Mahakama Kuu ikabatilisha vifungu vyake kadhaa, kikiwemo hicho cha 16. Watu wakaendelea kufungua kesi kwa mahakimu kama kawaida. Mahakama ya Rufaa ikakirudisha kifungu cha 16 mwaka 2017, na Mahakama ya Juu ikafunga mjadala Desemba 2019. Kuna mawakili ambao bado wanafanya kazi kwa mazoea ya miaka ile ya katikati. Ukinukuu uamuzi wowote wa majeraha kazini, angalia kwanza ni wa mwaka gani. Nimeshaona wakili akimsomea jaji uamuzi uliokufa, kwa sauti ya kujiamini kabisa.

Jambo lingine la kuuliza kabla hujaandika hata mstari wa utetezi: mwajiri ni nani hasa? Huku kwetu kila mtu anayelipwa na umma huitwa "mtu wa serikali", na Mwanasheria Mkuu, anayeitetea serikali kuu mahakamani, hutiwa kwenye kesi hata pasipo sababu. Mwalimu ni wa Tume ya Huduma za Walimu, na tume ina mawakili wake. Muuguzi wa hospitali ya kaunti ni wa kaunti, na kaunti ina wakili wake, kwa sheria ya 2020. Mashirika ya serikali nayo hushtakiwa kwa majina yao. Kumtoa asiyehusika mapema ni kazi ya barua moja. Ukiacha, utaburuzwa miaka mitatu kwenye kesi ya watu wengine.

Kesi za kufutwa kazi ni nyingi kuliko za majeraha, na kwa kweli ni rahisi kuzitabiri. Mara nyingi sababu ya kumfuta mtu ipo, hata nzuri. Kinachotuangusha ni utaratibu. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira kinataka mfanyakazi aelezwe makosa yake kwa lugha anayoielewa, awe na mwenzake wa kazini au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, na asikilizwe kabla ya uamuzi. Nimewahi kupokea kumbukumbu za kikao cha nidhamu cha bawabu mmoja, kurasa sita za Kiingereza safi. Nikamuuliza afisa: huyu bwana huzungumza Kiingereza? Akacheka. "Wakili, huyo ni Dholuo tu, na Kiswahili cha kununulia sukari." Nikamwambia basi kumbukumbu hizi ni ushahidi wa upande wa pili. Tulikubaliana nje ya mahakama. Fidia ya kufutwa kazi isivyo haki inaweza kufika mishahara ya miezi 12, na sikuona sababu ya kwenda kubahatisha mbele ya jaji.

Kuna maafisa wanaoamini kwamba serikali haiguswi, kwa kuwa dalali wa mahakama, yule anayekamata mali ya aliyeshindwa kesi, hawezi kuja kubeba viti vya ofisi ya serikali. Ni kweli hawezi. Lakini aliyeshinda huchukua hati ya amri ya malipo, akampa afisa mhasibu wa wizara, yaani katibu wa wizara, na asipolipwa hurudi mahakamani kuomba amri ya kumlazimisha. Akikaidi hiyo, ni kuidharau mahakama, na hapo anayekabiliwa na jela ni yeye mwenyewe kwa jina lake. Waambie mapema, kwa maandishi, na ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Nilipuuza muhuri mara moja tu. Afisa aliapa hajawahi kuiona barua yangu, nami sikuwa na cha kumwonyesha jaji.

Mwisho, toka ofisini. Siku hizi kesi nyingi hutajwa kwa video na stakabadhi zinapelekwa mtandaoni, kwa hiyo unaweza kumaliza mwaka bila kuona mahali ambapo mtu aliumia. Mimi nilikwenda kule kwenye miwa baada ya fomu ya mzee kufika kwa Mkurugenzi. Nilitaka tu kuielewa mashine, kwa ajili ya kesi nyingine inayofanana nayo. Mnyapara alinipeleka hadi bandani. Sheria ya Usalama na Afya Kazini, nayo ya 2007, inataka sehemu hatari za mashine ziwekewe kinga. Pale palikuwa na matundu manne ya skrubu, kinga yenyewe haipo. Kijana wa miaka ishirini hivi alikuwa anailisha majani kwa mikono mitupu huku akizungumza na mwenzake.

Nilimwomba aizime. Akamtazama mnyapara kwanza, ndipo akaizima. Barua ya tatu niliiandika kwenye simu ndani ya matatu, ikawa tayari kabla hatujafika Ahero.