Wanamwita Shangazi

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Ni mwanamke gani wa historia, ambaye hamkumsoma shuleni, mngependa binti zenu wamjue?" Najua wengi watawataja wanawake wa kwetu, nao wanastahili. Mimi namtaja Alaiza Pashkevich wa Belarusi, nchi ya Ulaya Mashariki, aliyefariki mwaka 1916 akiwa na miaka 39. Nilimfahamu nilipokuwa nasomea udaktari Grodno, mji wa huko Belarusi, na mpaka leo hajanitoka moyoni.

Kwao ni nadra kumtaja kwa jina hilo. Wanamwita Ciotka, yaani Shangazi, na ndilo jina alilotumia kwenye maandishi yake. Nilipomweleza binti yangu, swali lake la kwanza lilikuwa: "Shangazi, au mama mdogo?" Kwa Kibelarusi neno ni hilo hilo moja, awe dada wa baba au dada wa mama, na hata mama mtu mzima wa kijijini, asiye ndugu yako kabisa, utamwita hivyo kwa heshima. Alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, hana mtoto, akajiita shangazi wa taifa zima ambalo serikali ilikuwa haikubali kwamba lipo.

Belarusi wakati huo ilikuwa chini ya mfalme wa Urusi, na kwa miaka mingi ilikuwa marufuku kuchapa vitabu kwa Kibelarusi. Wakubwa walikiona ni lugha ya wakulima tu, haina haja ya kuandikwa. Mwaka 1902 Alaiza alitoka Vilnius, ambao leo ni mji mkuu wa Lithuania, kwenda kusoma St Petersburg, na huko akawa miongoni mwa vijana walioanzisha Hramada, chama cha kwanza cha siasa cha Wabelarusi, kwa siri. Aliporudi Vilnius mwaka 1904 aliajiriwa kama tabibu msaidizi katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Anatoka kuhudumia wagonjwa, anakwenda kuhutubia wafanyakazi. Mapinduzi ya 1905 yalipowaka, shairi lake lilipita mkono kwa mkono kwenye vikaratasi vya siri, polisi wakaanza kumtafuta, akakimbilia Lviv, ambayo wakati huo ilikuwa chini ya Austria.

Mwaka 1906 ndio ninaoupenda kuliko yote katika maisha yake. Yuko uhamishoni, na maandishi yake yanatoka kila upande. Vitabu vyake viwili vya mashairi vilichapwa Zhovkva, mji mdogo karibu na Lviv. Kitabu chake cha kuwafundisha watoto wa Kibelarusi kusoma kilitoka St Petersburg, kwa wachapaji waliojipa jina lenye maana ya "Jua litachungulia na kwenye kidirisha chetu." Kisha Septemba, Vilnius, likatoka Nasha Dolia, gazeti la kwanza la Kibelarusi kuchapwa kwa ruhusa ya sheria, na ndani ya toleo la kwanza kabisa mlikuwa na hadithi yake. Gazeti lile lilifikisha matoleo 6 tu. Mengi yalikamatwa, kisha likafungwa.

Wapo wanaomtaja kama mshairi, basi. Mashairi yake ni mazuri, sikatai, lakini naona wanampunguzia. Alishika chama, gazeti na kitabu cha watoto kwa wakati mmoja kwa sababu kwake ilikuwa kazi moja: mkulima akutane na lugha anayoongea na mama yake, safari hii ikiwa imechapwa kwenye karatasi, aisome mwenyewe.

Alirudi nyumbani mwaka 1911, baada ya kuolewa na mhandisi Mlithuania, Steponas Kairys. Jina jipya la ndoa lilimsaidia kurudi bila polisi kumkamata. Kifua kikuu kilikuwa kimeshamshika. Hata hivyo mwaka 1914 alianzisha gazeti la vijana huko Minsk, akaliita Łučynka.

Neno hilo nililielewa kwa macho. Bibi wa mwenzangu wa chumbani alichukua gogo kavu la msonobari, akalichana kwa kisu kama anayechana ukindu, akapata kijiti chembamba kirefu. Akakichomeka kwenye ufa wa jiko, kimeinama kidogo, chini akaweka bakuli la maji ili makaa yanayodondoka yazimike. Akakiwasha. Kilitoa mwanga wa kutosha kusoma ukurasa mmoja, pengine miwili, kisha ilibidi kuwasha kingine. Hiyo ndiyo łučynka, taa ya nyumba isiyo na taa. Ndani ya gazeti hilo Shangazi aliwaandikia vijana wa vijijini hata habari za ndege wanaohama. (Korongo weupe wa Belarusi huja mpaka huku kwetu baridi ikianza kule.)

Vita vikaja. Wajerumani walipoteka Vilnius mwaka 1915, alikuwa mmoja wa waliohangaika kufungua shule za Kibelarusi na mafunzo ya walimu wake. Mwanzoni mwa 1916 baba yake akafariki, akaenda kijijini kumzika. Huko akakuta tifasi, homa ile inayoenezwa na chawa, inapita nyumba kwa nyumba. Alikuwa na kila sababu ya kurudi mjini: mapafu yake yalikuwa mabovu, na shule zilikuwa zinamsubiri. Akabaki kuuguza watu. Nami nimewahi kukaa zahanati wakati wa kipindupindu, najua mtu anavyohesabu siku zake mwenyewe huku akimshikilia mgonjwa kikombe. Ugonjwa ulimpata, na Februari akafariki. Kaburi lake lipo Stary Dvor.

Hapa Mafinga misonobari tunayo tele. Jumamosi nilimpasulia binti yangu kijiti kimoja, tukaweka bakuli la maji chini, tukazima taa, nikaanza kumsimulia.