Kuvuta tela la pikipiki kwa gari lililonyanyuliwa: ya kupima kabla ya kutoka Dodoma

Hilux na Land Cruiser zilizonyanyuliwa inchi 2 hadi 4 zina kazi yake huku kwetu. Ukiacha barabara kuu ya Kondoa au Mpwapwa na kuingia vijijini, utakutana na makorongo ya mchanga, na kuanzia Desemba mpaka Aprili kuna tope la mbuga za Bahi. Shida huanza pale gari hilohilo linapofungiwa tela lenye pikipiki. Chuma cha kuvutia kimepanda pamoja na gari, lakini tela limebaki na kimo chake. Pua ya tela inatazama juu na mkia unashuka, kwa hiyo unagonga kila tuta la barabarani. Tela likiwa la ekseli mbili hali ni mbaya zaidi, kwani uzito unahamia ekseli ya nyuma na matairi yake ndiyo yanayopasuka.

Kwa hiyo kabla ya kufikiria mikanda na ngazi za kupakilia, nyoosha tela. Liegeshe peke yake mahali tambarare, weka pima maji ya fundi ujenzi juu ya sakafu, kisha panda au shuka na jeki ya mbele mpaka tone la hewa likae katikati. Hapo pima kutoka ardhini hadi dari ya ndani ya kikombe kinachofunika gololi ya kuvutia, yaani lile tufe la chuma lililo nyuma ya gari. Halafu pima gari, likiwa na mafuta na mizigo yake ya kawaida, kutoka ardhini hadi utosi wa gololi. Kikombe kikiwa sentimita 45 na gololi 60, gololi inatakiwa ishuke sentimita 15. Gari likishapokea uzito litazama sentimita 2 au 3 nyuma, na tela litainama kidogo mbele. Kuinama huko ni kuzuri. Kinachokataliwa ni pua kutazama juu.

Kushusha gololi ni kazi ya bamba nene linalofungwa kwa bolti kwenye chuma kilichoshikwa na chesesi yenyewe. Bampa haivuti tela. Usikubali fundi achomelee kipande cha bomba chini ya chuma cha zamani, kwa sababu kadiri gololi inavyoshuka chini ya mahali iliposhikwa, ndivyo chuma kinavyopindwa kila unapokanyaga breki, na ufa huanzia pembeni mwa uchomeleaji, mahali usipopaona mpaka uinamie na tochi. Bolti ziwe na namba ya uimara, 8.8 au 10.9, iliyogongwa kichwani. Angalia pia saizi ya gololi, nayo huandikwa juu yake. Kuna za milimita 50 na kuna za inchi 2, yaani milimita 50.8. Kikombe cha 50 hakitafunga sawasawa juu ya gololi ya inchi 2, na cha inchi 2 kitacheza juu ya gololi ya 50. Kwenye lami huwezi kujua. Kwenye barabara ya makorogesheni, yaani ya vumbi yenye mawimbi, utalisikia tela likigonga, na siku moja litaruka.

Minyororo ya usalama iwe miwili na ipishane chini ya mkono wa tela, ili kikombe kikichomoka mkono uangukie juu ya minyororo badala ya kuchimba lami.

Sasa uzito. Uzito unaolalia gololi unatakiwa uwe asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa tela lililopakiwa. Ukipungua hapo, tela linaanza kuyumba kama mkia wa samaki kwenye mwendo wa kawaida tu. Ukizidi sana, gari linakaa chini nyuma, usukani unakuwa mwepesi na taa za mbele zinawapiga macho wanaokuja.

Chukua tela la kilo 400, sakafu mita 4, ekseli ikiwa mita 3.6 kutoka kwenye gololi. Weka Boxer nne, tukadirie kilo 120 kila moja, na sanduku la vifaa la kilo 60 mbele. Jumla ni kilo 940, hivyo gololi inatakiwa ibebe kati ya kilo 94 na 141. Kupima si kazi kubwa. Azima mzani wa jukwaa, ule wanaopimia magunia ya mahindi kama pale soko la Kibaigwa, uweke chini ya mkono wa tela pamoja na gogo linalofikia kimo cha gololi, kisha soma. Uzito ukipungua au kuzidi, sogeza pikipiki. Kwa vipimo hivi, pikipiki ya kilo 120 ikisogea sentimita 30 kwenda mbele, gololi inaongezewa kilo 10. Ukiirudisha nyuma, zinapungua 10.

Mfano huo una jambo jingine zito. Kiwango cha kawaida cha Hilux ni kilo 750 kwa tela lisilo na breki zake. Kilo 940 zinahitaji tela lenye breki, basi. Breki za tela zinazofanya kazi kwa kusukumwa, zile za mkono unaoingia ndani gari likipunguza mwendo, zinakwama tela likitazama juu, kwa kuwa mkono hauingii ndani ukiwa umenyooka. Ni sababu nyingine ya kutumia pima maji.

Kwa wanaotamani yale matela ya boksi ya Marekani yenye vitanda mbele na pikipiki nyuma, kanuni ni ileile ila mtego ni mkubwa zaidi, maana mlango uko nyuma na pikipiki hukaa nyuma ya ekseli. Tangi la maji la lita 100 lililoko mbele ni kilo 100. Likiisha maji njiani, gololi inakuwa nyepesi bila dereva kugundua.

Kupakia: tela liwe limeshafungwa kwenye gari, breki ya mkono juu, mawe kwenye matairi, na magogo mawili chini ya mkia. Pikipiki ya kwanza ikikanyaga mkia bila magogo, inanyanyua nyuma ya gari. Sakafu ya sentimita 60 inataka ubao wa mita 2 au zaidi, ufungwe kwa mnyororo kwenye tela ili usirudi nyuma tairi linapopanda. Watu wawili wanatosha. Mmoja ashike usukani upande wa kushoto, mwingine asukume kwa nyuma. Asipande mtu juu ya pikipiki. Ikikwama katikati ya ubao, wengi hubana breki ya mbele na pikipiki inateleza vilevile, kwa sababu kwenye mwinuko uzito mwingi uko kwenye tairi la nyuma. Zima injini, weka gia namba moja, achia klachi, na tairi la nyuma litashika. Ukitaka kushusha taratibu, bonyeza klachi kidogo kidogo.

Ikishafika mahali pake, stendi zote zikunjwe juu na tairi la mbele liingie kwenye kibano kilichofungwa sakafuni. Kila pikipiki ipate mikanda minne yenye kikaza. Miwili ya mbele ishike kile kishikizo cha chini kinachounganisha shokapu za mbele, usifunge kwenye ncha za usukani kwani zinazunguka na kulegea. Mkanda ushuke kwa nyuzi 45 hivi kwenda nje na mbele. Kaza mpaka shokapu zizame nusu. Ukizikaza mpaka mwisho, saa nne za matuta zinaua oilsili, ule mpira unaozuia mafuta ya shokapu yasivuje, na mwenye pikipiki ataona mafuta yanatiririka wiki ijayo bila kujua yalipoanzia. Mikanda miwili ya nyuma ishike fremu, isishike kerea. Mpira wa tyubu unaofaa kwa gunia la mkaa haufai hapa kama kifungio kikuu, kwa sababu unavutika, na pikipiki inapata nafasi ya kucheza.

Funga koki ya petroli. Mtikisiko unachezesha boya ndani ya kabureta, petroli inafurika na nyingine inaingia kwenye oili ya injini.

Simama baada ya kilomita 10 hadi 15 ukaze upya. Ihumwa kwa anayekwenda Morogoro, Nala kwa wa Singida, Veyula kwa wa Kondoa. Mikanda hujilaza mwanzoni mwa safari kuliko wakati mwingine wowote. Hapohapo gusa kitovu cha kila tairi la tela kwa mkono. Uvuguvugu ni sawa, lakini kikiunguza mkono beringi imekauka grisi au imekazwa kupita kiasi.

Kwenye mwendo, kumbuka matairi makubwa yanadanganya dashibodi. Ukitoka 265/70R16 kwenda 285/75R16, mzingo umeongezeka asilimia 7, hivyo mshale ukionyesha 80 wewe uko karibu na 86, na gia zote zimekuwa ndefu kiasi hicho. Kwa mlima Nyang'oro baada ya Mtera, shusha gia kabla ya kupanda. Kwa Sekenke ukiteremkia Igunga, ingia na gia ambayo ungepandia na uache injini ishike. Uwanda wa Singida una upepo wa ubavuni, na basi likikupita linakuvuta kisha linakusukuma. Tela likianza kuyumba, ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani unyooke, na usikanyage breki ya gari kwa nguvu wala kuongeza mwendo. Likitulia, simama upime upya uzito wa mkono wa tela, kwa maana kuna kitu kimehama.

Wanaoshusha pikipiki njiani ndio husahau zaidi. Ukishusha mbili za nyuma pale Chemba kabla ya kufika Kondoa, kilo 40 zilizokuwa zikipunguza uzito wa gololi zimeondoka, na tela la mfano wetu linabaki na kilo 170 kwenye gololi kati ya jumla ya 700. Hiyo ni asilimia 24. Fungua mbili zilizobaki, zirudishe nyuma karibu mita moja, gololi ishuke hadi kilo 100 hivi, kisha funga mikanda yote minane upya kabla ya kuwasha gari.