Jibu: Nyama ya pori kwa harusi Lubumbashi (permi, mipaka, na kwa nini ile ya mwaka jana ilinuka)

Ndugu uliyeuliza, swali lako ni maswali matatu ndani ya gunia moja. Unataka nyama ya kabuluku (nsya, swala mdogo wa vichakani) na ya pongo kwa harusi ya mdogo wako hapa Lubumbashi mwezi wa nane. Shemeji yako aliyeko Kentucky, Marekani, anakuambia huko mtu analipa permi (kibali cha kuwinda), anaingia msituni na kurudi na kulungu, sasa kwa nini kwetu makaratasi ni mengi. Halafu ukamalizia kwamba nyama mliyoletewa mwaka jana kutoka upande wa Kasenga ilifika ikinuka.

Nianze na shemeji. Anachosema ni kweli, ila amekupa nusu. Yule kulungu wa mkia mweupe wa Marekani (si jamaa ya swala wetu, yule hudondosha pembe kila mwaka na kuotesha nyingine) anasimamiwa na kila jimbo kivyake. Permi ya Kentucky haimsaidii chochote akivuka kwenda Indiana au Tennessee. Siku za bunduki ni tofauti na siku za upinde. Kuna majimbo kama Iowa na Illinois ambako bunduki za kawaida za risasi ndefu zenye shingo haziruhusiwi kwa kulungu katika misimu mingi, kwa sababu nchi ni tambarare, nyumba ziko karibu na risasi inasafiri mbali. Kentucky anatakiwa kuvaa rangi ya chungwa msimu wa bunduki na kuripoti mnyama siku hiyohiyo aliyomwangusha. Tangu mwisho wa 2023, ugonjwa unaotafuna ubongo wa kulungu ulipoonekana huko, kubeba kichwa na uti wa mgongo hovyo nako kumewekewa sheria. Na hili ndilo hakukuambia: nyama hiyo anaweza kula, anaweza kumpa jirani bure, lakini kuiuza ni kosa. Kwetu mambo yamegeuka: nyama ya pori iko sokoni mchana kweupe, ila ukimuuliza muuzaji karatasi anakutazama kama umemtukana.

Sasa kwetu Kongo. Sheria ya uwindaji ni moja kwa nchi nzima, ya tarehe 28 Mei 1982, na juu yake kuna sheria ya uhifadhi wa mazingira ya Februari 2014. Lakini kusema "sheria ni moja" kunadanganya, maana jibu hubadilika kwa mambo manne: fasi (mahali) uliyosimama, mnyama uliyemlenga, silaha uliyoshika, na tarehe. Kimoja kikikataa, vitatu vingine havikuokoi.

Fasi. Ndani ya hifadhi ya taifa, Upemba au Kundelungu kwa huku kwetu, hakuna permi ya mwananchi ya kuwinda, hata ya sungura. Pembeni yake kuna maeneo ya uwindaji, kama Lubudi-Sampwe, ambako uwindaji unaruhusiwa kwa masharti. Halafu kuna pori la kawaida lenye shefu wake, na hapo ndipo watu wengi wa Lubumbashi wanapokosea: kumpa shefu mbuzi na bia ni heshima, inafungua njia ya kijiji, lakini si permi. Permi inatoka serikalini na ziko za aina nyingi. Kuna ya vijijini, kuna ya pamoja inayotolewa kwa jamii, kuna ya michezo ndogo na kubwa, ya watalii, na ya wanasayansi. Ukiletewa nakala, usiangalie muhuri kwanza. Tafuta mstari wa eneo, mstari wa mnyama na idadi, na tarehe ya mwisho. Permi ya mtu wa Kasenga haiwindi Mitwaba.

Mnyama. Tembo, sokwe, okapi na wenzao wamelindwa kabisa, hakuna mjadala. Kakakuona yuko kwenye orodha ya juu kabisa ya kimataifa ya wanyama wasioruhusiwa kufanyiwa biashara tangu 2017, aina zote nane, na bado kuna anayemuuza kwa kificho kama "nyama ya wakubwa". Kuna pia swala wa mabwawa ya Upemba ambaye wanasayansi walimpa jina lake mwaka 2005 tu. Haishi popote pengine duniani na wamebaki wachache mno. Kabuluku wa kawaida, yule nsya wa vichakani, na pongo si wa kundi hilo, ila hata wao jike mwenye mtoto haguswi.

Silaha. Bunduki ina karatasi yake peke yake, chini ya sheria ya silaha ya 1985, na permi ya kuwinda haiizai. Silaha ya kivita haiwindi, hata kama aliyeishika ana sare. Tochi usiku, sumu, kuwasha moto pori ili wanyama wakimbie, kufukuza kwa gari: vyote vimekatazwa. Moto ndio unaoniudhi kuliko vyote, maana unafanywa kila kiangazi na kila mtu anaujua.

Tarehe. Kufunguliwa na kufungwa kwa uwindaji hutangazwa kwa arete (amri ya serikali), na haviwi sawa nchi nzima, kwa sababu mvua si sawa. Huku Katanga mvua inaanza karibu na Novemba mpaka Aprili. Kaskazini ya ikweta mambo yanageuka, na msimu wa kuzaa unafuata majani. Kwa hiyo usiandike mwezi wa nane kwenye karatasi za harusi kabla hujaenda ofisi ya mazingira ya mkoa kuisoma arete ya mwaka huu. Ya mwaka jana haina kazi.

Kwa walioko Goma na Bukavu wanaouliza hilihili: kwenu pori la kuwinda ni dogo kuliko mnavyodhani. Virunga na Kahuzi-Biega ni hifadhi, milima imejaa mashamba, na kwa vita hii mtu mwenye bunduki porini haulizwi permi kwanza. Nunueni mbuzi.

Na mipaka. Ukivuka Luapula au Kasumbalesa uko Zambia, sheria yao ya wanyama ni ya 2015, leseni yao ni yao. Huko mwenye ranchi anaweza kumiliki wanyama wake na kuuza nyama kihalali, lakini nyama hiyo haivuki mpaka kwa risiti ya dukani peke yake. Kuna vibali vya daktari wa mifugo pande zote mbili. Tanzania wameruhusu mabucha ya nyamapori yenye leseni, kwa kanuni za 2020. Kenya walifunga uwindaji tangu 1977. Mnyama yuleyule, nchi nne, majibu manne.

Haya, nyama yenyewe. Ilinuka kwa sababu gani? Kwa maelezo yako (gunia la mchele la plastiki, juu ya pikipiki, mchana, mnyama hakupasuliwa mpaka jioni) ningeshangaa kama isingenuka.

Kosa la kwanza huwa kwenye risasi. Kalibre 12 yenye shevrotini, zile risasi tisa kubwa, si ya mita 60. Chukua karatoni, chora duara la sentimita 30, piga kutoka mita 25, kisha mita 35. Zisipoingia walau tano ndani ya duara, umbali huo si wako. Lenga nyuma tu ya mguu wa mbele, theluthi moja ya kifua kutoka chini. Damu ya waridi yenye povu ni mapafu, hatakwenda mbali. Subiri dakika 15 ufuate. Damu yenye majani na harufu ya choo ni tumbo, na hapo nyama imeshaanza kuharibika kabla hujaigusa. Ukimkimbilia papo hapo atakimbia zaidi, na mnyama aliyekimbia sana huishiwa sukari ya misuli. Nyama yake inakuwa nyeusi, inanata, na haikai. Ndiyo maana nyama ya mtego wa waya ni mbaya: mnyama amepigana usiku kucha, na pengine amekufa saa nyingi kabla mwenye mtego hajafika.

Akianguka, una kama nusu saa, saa moja ikiwa ni baridi. Mlaze chali. Zungusha kisu kuzunguka tundu la haja, vuta utumbo wake nje kidogo, ufunge kwa kamba. Pasua tumbo kutoka kifuani kwenda chini, makali ya kisu yakitazama juu, vidole viwili vikitangulia ndani kuinua ngozi. Ukisukuma ncha chini utatoboa utumbo na kazi yote imekwisha. Kata utando unaotenga kifua na tumbo, ingiza mkono mpaka kooni, kata koo la hewa na la chakula, vuta vyote kwa pamoja. Kibofu kibane kwa vidole kabla ya kukikata. Tanua kifua kwa kijiti ili hewa ipite. Usioshe kwa maji ya mto! Maji yanasambaza uchafu na nyama yenye unyevu inaoza haraka. Futa kwa kitambaa safi, kata palipochafuka utupe.

Kabla ya kutupa matumbo, yatazame. Ini lenye madoa meupe, mapafu yenye vinundu, tezi zilizovimba usaha: zika. Na mnyama uliyemkuta amekufa, damu nyeusi isiyoganda ikitoka puani au nyuma, usimpasue hata kidogo. Hiyo inaweza kuwa kimeta, iliyoua viboko zaidi ya 50 Virunga mwaka 2025, na kisu chako ndicho kinachoiachia hewani. Funo waliokutwa wamekufa msituni wameshawahi kuleta Ebola kwa watu. "Tumemuokota, bado wa moto" si bahati.

Joto hukaa mahali nyama ni nene, karibu na mfupa wa paja. Kwa kabuluku wa kilo 16 haina shida, ukichuna tu na kutundika kivulini hewa inamaliza kazi. Kwa pongo wa kilo 45, tenganisha mapaja na upasue nyama mpaka kwenye mfupa, vinginevyo nje itakuwa baridi na ndani chachu. Mwezi wa sita na wa saba usiku wetu hushuka chini ya nyuzi 10, unaweza kutundika mpaka asubuhi. Mwezi wa nane mchana umeshaanza kuwaka, na Oktoba usijaribu. Wadudu wazuie kwa kitambaa chepesi cha pamba na moshi mdogo chini. Nimeona kwenye picha mliyoweka kwamba mmetumia chandarua. Zile za kugawiwa bure zina dawa ya kuua mbu ndani ya nyuzi, hazifungi chakula.

Safari ya barabara ya Kasenga ni saa nyingi. Vipande viwe vikavu kwa nje, vifungwe kwa kitambaa, kisha kikapu au kreti yenye matundu, safari usiku au alfajiri. Plastiki inafungia joto na jasho pamoja. Kama hamna barafu, kausheni hukohuko: vipande vya unene wa sentimita mbili, chumvi gramu 20 mpaka 25 kwa kilo moja, viache saa chache vitoe maji, kisha juu ya uchaga kwa moto mdogo wa moshi. Kuni za musuku au mwembe ni nzuri. Mikaratusi inatia uchungu, na mbao zenye rangi ni sumu. Kilo moja mbichi itabaki kama gramu 350 au 400, kwa hiyo mtu akikuuzia "kilo tatu kavu" anajua alichokiuza. Usimalize kukausha haraka kwa moto mkali, ganda litafunga nje na katikati pabaki pabichi, ndipo funza wanapoanzia.

Eneo la jeraha, kata sentimita kumi kuzunguka utupe. Risasi ya ledi inasagika vipande visivyoonekana, na wajawazito na watoto ndio wanaoumia.

Hesabu ya harusi, maana naona mmeandika wageni 100. Gramu 150 iliyopikwa kwa mtu ni kilo 15. Ikipikwa nyama hupungua kama theluthi, basi mnahitaji kama kilo 22 au 23 mbichi bila mfupa. Kabuluku mmoja anatoa kilo sita au saba za namna hiyo. Ni wanyama wanne, na sidhani permi yenu itaandikwa wanne. Mimi ningepika mbuzi wawili au watatu kwa meza zote, na kabuluku mmoja kwa sahani ya wazee, kavu, aliyelowekwa maji ya uvuguvugu saa mbili, akamwagwa maji ya kwanza, akachemshwa taratibu juu ya mbabula (jiko la makaa) mpaka aachie mfupa, ndipo karanga ziingie. Bukari (ugali) itajitetea yenyewe.

Kuhusu karatasi njiani: permi, karatasi ya bunduki na ya daktari wa mifugo zikae mfuko wa shati la dereva, nakala nyingine kwa anayesindikiza. Zikiwa ndani ya kikapu, kwenye bariere (kizuizi cha barabarani) itabidi mfungue nyama juani ili kuzitoa, na wanaotaka kuipima kwa mkono hawakosekani.