Tazama mwiba kwanza, ndipo ushike kisu

Wewe unayeanza kuotesha kaktasi ndefu, zile zinazosimama kama nguzo, hakikisha kwanza ulichonacho ni kaktasi kweli. Ukitoka Mbeya kwenda Iringa, kwenye sehemu kavu utaona miti isiyo na majani, matawi yamenyooka juu kama kinara cha mishumaa. Wengi huiita kaktasi. Ile ni euforbia, ndugu wa mnyaa tunaoupanda kuwa uzio. Kaktasi za nguzo kwao ni Amerika, huku zililetwa.

Mwaka wangu wa kwanza kitaluni nilikata tawi la euforbia nikidhani nimepata mche wa bure. Utomvu mweupe ulinichuruzikia kiganjani, nami nikajifuta jasho usoni kwa mkono uleule. Nilishinda siku nzima nimefumba macho, yanawaka, nashikwa mkono kupelekwa hata chooni. Ukikuingia jichoni, osha papo hapo kwa maji safi mengi, kisha nenda hospitali.

Tangu siku ile naangalia mwiba. Miiba ya kaktasi huchipuka kwenye kifundo chenye manyoya, kama kipande cha pamba kilichobandikwa juu ya tuta, yaani ule mgongo ulioinuka kwenye shina toka chini hadi juu, na mara nyingi hutoka mingi pamoja. Ya euforbia hii hukaa miwili miwili, pamba hakuna.

Kutambua aina ni kazi ya subira. Hesabu matuta ya shina. Chukua aina mbili za kaktasi za nguzo, kwa majina ya kisayansi: Cereus jamacaru kwa kawaida ana 4 hadi 6, Cereus repandus mara nyingi 9 au 10. Lakini mche mchanga hudanganya, matuta huongezeka unavyokua. Maua ya zote mbili ni meupe, makubwa, hufunguka usiku. Jua likipanda yamesinyaa.

Kipandikizi kikate siku kavu, kilaze kivulini wiki mbili hivi mpaka kidonda kikauke kigumu. Changanya udongo na changarawe, au vile vijiwe vyepesi vya volkano, nusu kwa nusu. Usimwagilie kabla hakijashika mizizi. Kwetu kinachoua ni mvua za Novemba hadi Aprili: shina huoza chini kimyakimya, ukija kuligusa linabonyea. Weka kopo chini ya upenu. Juni na Julai, baridi ikikaza, maji acha kabisa.

Ukihamisha mche, tia alama ya chaki upande uliokuwa unatazama jua, uupande vilevile. Upande uliozoea kivuli ukipigwa na jua ghafla huungua, na kovu lile halifutiki.