Chombo chako cha kubuni kikishatua, nani anakikagua?

Chombo cha kwanza nilichokibuni kwa ajili ya hadithi zangu nilikiita Kipanga. Nilikichora daftarini kikiwa na pua kali kama sindano, mabawa membamba, viti sita na dirisha pana mbele. Kilipaa asubuhi kikaenda anga za juu, kikarudi jioni, na kesho yake kikapaa tena. Rafiki yangu mmoja, fundi wa ndege, aliugeuza mchoro ule huku na huku, kisha akaniuliza, "Mafuta umeyaweka wapi?" Jiko la kahawa nilikuwa nimelichora. Tangi sikulichora.

Basi nawe anzia kwenye tangi, hata kama ndipo panapochosha. Kukaa kwenye mzunguko wa chini wa Dunia kunataka mwendo wa kilomita 7.8 kwa sekunde. Ukijumlisha unaopotea njiani kwa sababu ya hewa na uvutano, hesabu inafika kama 9.4. Pitisha namba hiyo kwenye kanuni ya roketi aliyoichapisha mwanasayansi Mrusi Tsiolkovsky mwaka 1903, inayokuambia mwendo fulani unataka mafuta kiasi gani. Hata ukitumia injini nzuri za haidrojeni na oksijeni, katika kila tani 100 zinazosimama uwanjani, karibu 88 zitakuwa mafuta. Hizo 12 zinazobaki ndizo mwili, injini, magurudumu, abiria na jiko langu la kahawa. Nikakubali yaishe, nikamgawa Kipanga mara mbili: chini roketi ya kusukuma inayorudi kutua yenyewe, kama Falcon 9, roketi ya kampuni ya SpaceX, ilivyofanya kwa mara ya kwanza Desemba 2015, na juu yake chombo kidogo cha watu.

Pua ya sindano nayo ikaenda. Nilidhani joto la kurudi linatokana na msuguano tu, kumbe sehemu kubwa ni hewa inayobanwa mbele ya chombo. Umbo butu huifanya hewa hiyo ya moto isimame mbali kidogo na mwili. Ncha kali huiacha isogee hadi kwenye ngozi. Kipanga wa sasa ana tumbo pana na pua ya mviringo, amefanana na kiatu. Nimemzoea.

Kuhusu hewa ya ndani sina mengi. Mtu hutumia oksijeni kama kilo 0.84 kwa siku, lakini kwenye kibanda kilichofungwa, kaboni dioksaidi anayoitoa mwenyewe humdhuru kabla oksijeni haijaisha. Weka chujio, weka na la akiba, songa mbele.

Kilichonisumbua miezi ni neno "tena", lile la kupaa tena kesho yake. Space Shuttle, vyombo vya Marekani vya kwenda anga za juu na kurudi, ziliruka mara 135 kati ya 1981 na 2011. Kila moja ilivaa vigae vya kukinga joto zaidi ya 20,000, vingi vikiwa na umbo lake na namba yake, vilivyobandikwa kwa mkono, na baada ya kila safari vilikaguliwa upya. Mwanzoni ilipangwa chombo kiwe kinarudi angani baada ya wiki mbili hivi. Haikutokea hata mara moja. Na mwaka 2003, kipande cha povu gumu kilichobanduka kwenye tangi wakati wa kupaa kiliharibu ukingo wa mbele wa bawa la kushoto la Columbia, mojawapo ya Shuttle hizo. Wakati wa kurudi chombo kilisambaratika, na wanaanga wote saba wakafa.

Siku hizi kabla sijaandika safari naandika banda la matengenezo. Pampu ikiharibika, mkono wa fundi unaifikia, au lazima ang'oe viti kwanza? Kigae kimoja kinachukua saa ngapi kubadilishwa? Nani mwenye mamlaka ya kusema leo hakipai? Swali hilo la mwisho limenipa mhusika bora kuliko rubani wangu: mama mmoja anayelala chali chini ya tumbo la Kipanga, tochi mdomoni, akigonga vigae kimoja kimoja kwa kifundo cha kidole. Kwenye kigae cha 611 anasita. Anagonga tena. Huko nje abiria wameshavaa.