Krismasi ya kulala ubavu

Kadi yangu iliandikwa "kliniki baada ya wiki 2". Nilipasuliwa Jumatano, tarehe 11 Desemba 2024. Hesabu mwenyewe: wiki mbili toka hapo ni Krismasi yenyewe. Aliyeandika hakuinua hata macho kuitazama kalenda iliyotundikwa juu ya kichwa chake, na mimi bado nilikuwa na usingizi wa dawa, nikaipokea kadi kwa mikono miwili na asante juu. Nimekuja kushtuka niko nyumbani kwangu Makorora, hapa Tanga mjini. Tarehe 26 nayo sikukuu, kwa hiyo baada ya kupiga simu mara tatu nikaambiwa njoo Ijumaa, tarehe 27.

Basi kama upasuaji wako si wa dharura, fungua kalenda kabla hujakubali tarehe. Mimi niliambiwa uvimbe wangu wa kwenye kizazi unaweza kusubiri hadi Januari. Nikasema la, Desemba watoto wako likizo, watanisaidia kazi. Nilichosahau ni kwamba Desemba ndiyo mwezi ambao ukoo mzima wa mume wangu hukusanyika Muheza, upande wa Magila, na jungu kuu huwa ni langu. Kutoka Tanga mjini ni kilomita kama 40 tu, lami tupu, lakini kwa mtu mwenye mshono mbichi kila tuta la barabarani lina jina lake. Siku ya kutoka hospitali nilipanda bajaji nimekumbatia mto tumboni, dereva akawa anatambaa kama amebeba mayai, na bado nilifika nyumbani machozi yananilenga.

Tukaamua hatuendi. Ushauri wangu hapa ni mfupi: taarifa ya kwao apeleke mwenye kwao. Nilimwacha mume wangu apige simu zote. Wifi yangu alinuna siku mbili ("Krismasi bila Magila ndiyo Krismasi gani?"), lakini alimnunia kaka yake, si mimi.

Sasa nije kwenye kitanda, maana hakuna aliyenifundisha mpaka siku ya pili wodini, muuguzi mmoja mtu mzima aliponiona nainuka kama nilivyozoea miaka yote, kifua kwanza, nikapiga ukelele. Akaniambia, "Mwanangu, sahau tumbo. Huna tumbo mwezi huu." Unakunja magoti, unageuka mwili mzima kulala ubavu, unashusha miguu sakafuni, ndipo unajisukuma kwa kiwiko na kiganja mpaka ukakaa. Kulala ni hivyo hivyo kinyumenyume. Kwa wiki sita sikuinuka kwa namna nyingine. Na usikubali kulala kwenye godoro la chini kwa sababu eti wageni wamekuja. Wageni ndio walale chini, wewe kitanda ni dawa yako.

Mto ule wa kwenye bajaji usiuache mbali. Ukitaka kukohoa au kupiga chafya, ubane tumboni kwanza. Nyumba ya pwani wiki ya Krismasi ni moshi wa mkaa, vitunguu vinakaangwa, bizari inakaangwa, na kila harufu inakuita ukohoe. Kucheka nako ni hivyo hivyo. Shemeji yangu mdogo ana maneno, na ilibidi nimwombe kwa heshima zote awe anakaa barazani.

Kosa langu kubwa nililifanya tarehe 23. Nilikuwa nimeamka vizuri, nimeoga, nimevaa dera, nyuzi zimeshatolewa kwenye zahanati ya jirani, nikajiona mzima. Jikoni binti yangu mkubwa alikuwa juu ya mbuzi anakuna nazi za kujaribia wali. Nilisimama mlangoni nikimtazama. Alikuwa anakigandamiza kifuu kwa nguvu bila kukizungusha, anachimba sehemu moja mpaka anafikia gamba, na nazi inaanguka kwenye bakuli ina vidoadoa vya kahawia. Nikamwambia zungusha. Akazungusha vibaya. Nikamwambia hebu nipishe.

Mtu ambaye hajakuna nazi hawezi kujua tumbo linafanya kazi gani pale. Unakaa chini chini, magoti juu, unainamia mbele, na kila mkuno mmoja unabana misuli ileile iliyokatwa. Nilikuna kama mara kumi. Kwenye ile ya kumi na moja nikasikia kitu kinavutika ndani, kama uzi wa khanga unaokatika, nikabaki nimeshika kifuu nisiweze kwenda mbele wala nyuma. Walinitoa pale watu wawili. Kitone cha damu kwenye dera, ukubwa wa mbegu ya ukwaju. Siku ile ile nikarudishwa zahanati, wakakitazama kidonda, wakasema pembeni kimeachia kidogo, juu juu tu. Ningekuna nazi ya pili ningekuwa na hadithi nyingine.

Kwa hiyo siku unayojiona mzima ndiyo siku ya kumwambia mtu akufungie mlango wa jikoni. Ngozi inaweza kufunga mapema, lakini ndani bado, ndiyo maana wanakuambia wiki sita hadi nane bila kuinua kitu kizito. Ndoo ya lita 20 usiiguse, na mtoto wa kubebwa mgongoni mpe mwenzio. Mimi niliambiwa nisizidishe kilo tano, na ukienda sokoni utashangaa jinsi kilo tano zilivyo chache. Nazi nazo, kuna watu wanazikuna kwa mashine, wape hela yao. Tui halitajua.

Wageni ni somo peke yake. Watu wa kwetu kumjulia mtu hali hawana uvivu, na mimi nisingependa wawe nao. Ila kuna yule anayekaa ukingoni mwa kitanda, juu ya shuka yako, akakusimulia habari za dada fulani aliyepasuliwa kama wewe na hakumaliza mwezi. Tena kuna anayeinamisha sauti: "Na kizazi, wametoa chote?" Nilikuwa na jibu moja kwa wote, nimetolewa uvimbe, namshukuru Mungu. Hata ninyi mnaosoma ndilo mnalopata. Tulichofanya ni kumweka mume wangu barazani kuanzia saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni. Anawapokea, anawapa maji, wawili wawili wanaingia dakika chache, na nikichoka nilikuwa nikimwita binti yangu aniletee dawa. Dawa yenyewe haikuwepo. Hiyo ndiyo ilikuwa ishara yetu.

Mama mkwe ndiye niliyemwogopa. Alishuka stendi ya Kange tarehe 20 na kikapu, ndani mna majani yaliyofungwa kwenye kitambaa, na nikajua. Alikuja kunikanda. Alinikanda kwenye uzazi wangu mara zote tatu, maji ya moto na majani, na kunifunga khanga tumboni, na simlaumu, ndivyo yeye mwenyewe alivyolelewa. Lakini maji ya moto na kukandamiza juu ya mshono wa siku tisa ni kuuchokoza ufumuke au uingie uchafu. Wadogo zangu, mama mkwe hakataliwi. Anapewa kazi nyingine. Nilimwambia, "Mama, daktari kazuia maji kwenye kidonda, na mimi naogopa. Ila tangu nitoke hospitali sijapata uji wenye ladha." Kuanzia siku hiyo saa kumi na mbili asubuhi alikuwa jikoni na uji wa pilipili manga, na saa sita supu ya kuku wa kienyeji. Majani yalirudi Muheza kama yalivyokuja.

Kuhusu chakula, lililonitesa kuliko kidonda ni choo. Dawa za maumivu zile kali, kama tramadoli, hufunga tumbo, na vidonge vya kuongeza damu navyo huchangia. Damu yangu ilikuwa chini kwa sababu ya hedhi nzito za miaka, ndugu wawili walinichangia, na bado nikapewa vidonge vya kuendelea navyo. Vinafanya choo kiwe cheusi, usishtuke. Usivimeze na chai, chai inazuia madini yale yasiingie mwilini. Kwa Mtanga hili ni gumu, najua. Mimi nilivimeza na maji ya chungwa na kuisogeza chai saa moja mbele. Halafu papai bivu kila asubuhi, maji mengi, na kutembea uani taratibu, mara tano mara sita kwa siku. Kutembea kunasaidia tumbo na kunasaidia damu isigande miguuni. Usijikamue chooni. Kama hakuna choo siku tatu, sema.

Na kuna mambo ambayo hayasubiri sikukuu ipite: homa, kidonda kutoa usaha au kunuka au kuwa chekundu na cha moto, damu nyingi, mguu mmoja kuvimba na kuuma, au kukosa pumzi. Hospitali ya mkoa haifungwi kwa ajili ya Krismasi. Tulikuwa tumeshaongea na dereva wa bajaji, yule wa mayai, kwamba usiku ule simu yake iwe wazi.

Krismasi yenyewe. Mkesha walikwenda wote isipokuwa mimi na kitindamimba wangu wa miaka sita, aliyekataa kuniacha kisha akalala kabla ya saa tatu. Joto lilikuwa kali, feni inazunguka, dirisha wazi. Nilikaa kwenye kiti cha mikono, mto tumboni, nikasikia kwaya kwa mbali ikichanganyika na mziki wa baa ya mtaa wa pili. Sikuwahi kuwa nyumbani saa hizo usiku wa tarehe 24 tangu niolewe. Kila mwaka huwa nimeinama juu ya sufuria. Nililia kidogo, nikanywa maji, nikalala ubavu.

Asubuhi tulikula chapati za kununua. Mchana ulipangwa wali wa nazi na changu wa kukaanga, basi, vyakula viwili. Miaka mingine huwa sita. Nilikuwa nimeshajiandaa kuona aibu mbele ya majirani, maana mtaa wetu wengi ni Waislamu na kila msimu wa Krismasi ni mimi ninayezungusha sinia nyumba tano, kama wao wanavyonizungushia Idi.

Saa saba hivi jirani yangu wa ukuta mmoja akabisha hodi. Nyuma yake mwanawe wa kiume kabeba sinia ya pilau kichwani, imefunikwa kawa, kachumbari pembeni. Nikamwambia, "Jamani dada, leo ni sikukuu yangu, si yako." Akasema, "Sikukuu yako, lakini tumbo lako halipo." Sijui na yeye alifundishwa na muuguzi yupi. Nilicheka, nikatafuta mto, nikachelewa.

Kwetu sahani hairudi tupu, na mimi sikuwa na cha kutia. Nilipomweleza akasema ikae tu, haina haraka. Ilikaa jikoni kwangu, juu ya kabati, nikaitazama Januari yote na Februari. Mfungo wa Ramadhani ulipoanza nilikuwa nakuna nazi mwenyewe tena, polepole. Jioni ya kwanza nikairudisha na tambi na kaimati, binti yangu ndiye aliyeibeba.