Maswali ya Wasomaji: Nani Anafaa Kukagua Jukwaa la Ujenzi?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni fundi mwashi mwenye uzoefu wa miaka 12, na sasa nimekabidhiwa usimamizi wa jengo la ghorofa nne. Mkandarasi ameniletea daftari la ukaguzi wa majukwaa na kuniagiza nitie sahihi kila Jumatatu, kwa kuwa nilihudhuria mafunzo ya siku moja ya usalama kazini. Majukwaa nimeyapanda tangu ujana wangu, lakini sijawahi kuyafunga wala kuyafungua. Je, ninastahili kutia sahihi hiyo?

JIBU: Kwa hali uliyoieleza, bado hustahili, na umefanya vyema kuuliza kabla ya kushika kalamu. Miaka 12 ya kupanda majukwaa imekuzoesha jinsi jukwaa imara linavyotulia chini ya miguu, ila haikukufundisha kinachofanya litulie. Mafunzo ya siku moja nayo, kwa kawaida, humfunza mfanyakazi kuvaa kofia na mkanda na kuzitambua hatari za jumla. Hayamfunzi kufuatilia uzito unavyoshuka kutoka kwenye mbao, ukapita katika mabomba na klampu, hadi ukaishia ardhini.

Mkataba namba 167 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1988, unataka majukwaa yakaguliwe na mtu mwenye ujuzi unaofaa na matokeo yaandikwe. Kanuni za Marekani zinamweleza mtu huyo kwa sifa mbili: awe na uwezo wa kuitambua hatari iliyopo na inayotarajiwa, na awe na mamlaka ya kuiondoa mara moja. Sifa hiyo ya pili ndiyo ninayoiona ikisahaulika zaidi. Kabla ya yote, muulize mkandarasi wako kama siku utakayolizuia jukwaa lisitumike, mafundi wakashuka na kazi ikasimama, atakuunga mkono. Akisitasita, basi anachokitafuta kwako ni sahihi tu.

Kuhusu ujuzi wenyewe, nenda kwenye kona ya jengo lako baada ya mvua uinamie mguu wa nguzo ya mwisho. Huenda ukakuta bamba la chini halijagusa ubao wake, limebaki hewani kwa unene wa kidole, kwa sababu maji yamekula udongo. Asiyefunzwa huiona nguzo imesimama wima akapita. Aliyefunzwa anajua kwamba nguzo hiyo haibebi kitu, na kwamba mzigo wake umehamia kwa jirani zake ambazo hazikupangiwa kuubeba. Ndivyo ilivyo pia kwa vifungo vinavyolishikiza jukwaa ukutani: fundi wa lipu hukifungua kimoja ili apitishe mwiko, akaahidi kukirudisha, kisha akahamia ukuta mwingine. Mkaguzi huvihesabu kimoja kimoja akivilinganisha na mchoro, na akikuta jukwaa limevikwa wavu au turubai baada ya kufungwa, huuliza kama vifungo viliongezwa, maana upepo hulisukuma vazi hilo kama unavyosukuma tanga.

Kwa hiyo tafuta kozi mahususi ya ukaguzi wa majukwaa, yenye mtihani wa vitendo ambamo mwanafunzi hupelekwa kwenye jukwaa lililotiwa kasoro makusudi na kutakiwa azitaje zote. Ukifaulu, zunguka kwa muda na mkaguzi mzoefu kabla ya kukagua peke yako. Cheti hicho kitakufaa kwa jukwaa la kawaida. Jukwaa linaloning'inia kwa kamba za chuma, au lililochomoza nje ya jengo bila nguzo za kufika chini, linahitaji usanifu wa mhandisi na mkaguzi aliyefunzwa aina hiyo hasa.

Hata hiyo Jumatatu yenyewe haitoshi. Nchini Uingereza, kanuni za mwaka 2005 zinataka jukwaa ambalo mtu anaweza kuanguka kutoka mita 2 au zaidi likaguliwe kabla ya kuanza kutumika, kisha lisipitishe siku 7 bila kukaguliwa, na tena baada ya tukio lolote linaloweza kulidhoofisha, kama vile dhoruba. Marekani hudai ukaguzi kabla ya kila zamu. (Daftari lenye neno «nzuri» kutoka juu hadi chini, kwa wino uleule na mwandiko uleule, lilijazwa siku moja, nimeyaona kadhaa.)

Mwandikie mkandarasi barua fupi ukimweleza hayo, ukimwomba alete mkaguzi mwenye sifa hadi utakapofuzu.

SWALI: Je, aliyelifunga jukwaa anaweza kulikagua yeye mwenyewe?

JIBU: Akiwa na ujuzi wa ukaguzi, anaweza, na kwa vyovyote anapaswa kuipitia kazi yake kabla ya kuikabidhi. Kwa ukaguzi wa kila wiki, hata hivyo, ningependelea mtu mwingine, kwa sababu aliyekaza klampu kwa mkono wake huziona zimekaza hata asipozigusa. Pasipo na mtu wa pili, na akague asubuhi ya siku inayofuata, akiwa na spana mkononi.